UCHAMBUZI: Wanaojifundisha kuandika programu ili wabadili taaluma, njia ilipofikia na mambo ya kupima kabla ya kuacha kazi

Na Mwandishi Wetu

Mwananchi anayelipia kibali, ada ya chuo cha umma au faini ya barabarani hupewa kwanza kumbukumbu namba ya malipo. Huiingiza katika simu yake, hulipa, na baada ya muda mfupi taasisi husika huona kuwa fedha imeingia. Nyuma ya tendo hilo la dakika chache upo mfumo wa Serikali wa malipo ya kielektroniki, GePG, ulioanza kutumika mwaka 2017 na kujengwa na wataalamu wa Kitanzania. Ndivyo ilivyo pia kwa mfumo wa ununuzi wa umma, NeST, uliojengwa na wataalamu wa ndani na kuanza kutumika mwaka 2023. Vilevile, Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, iliyohesabu watu 61,741,120, ilifanyika kwa vishikwambi vilivyobeba programu maalumu badala ya madaftari ya karatasi.

Mifumo yote hiyo ni kazi ya waandishi wa programu. Kadiri huduma zinavyohamia mtandaoni, ndivyo swali moja linavyozidi kuulizwa na watu wazima ambao tayari wana kazi nyingine: je, mwalimu, mhasibu, muuguzi au fundi umeme ambaye hakusoma kompyuta chuoni anaweza kujifundisha mwenyewe, akaingia katika taaluma ya uhandisi wa programu na kuishi kwayo?

Jibu ni ndiyo, kwa kuwa wapo waliofanya hivyo hapa nchini na kwingineko duniani. Hata hivyo, jibu hilo halijakamilika. Mlango wa kujifunza uko wazi kuliko wakati wowote uliopita, ilhali mlango wa kutambuliwa, hususani katika utumishi wa umma, bado unamtaka mwombaji aoneshe cheti cha chuo. Katikati ya milango hiyo miwili ndipo wengi wanapopoteza muda, akiba na pengine ajira walizokuwa nazo. Uchambuzi huu unakusudia kumsaidia mwananchi kuipima njia hiyo kabla ya kuianza.

Msingi uliowekwa na Serikali

Suala hili halijitokezi katika ombwe. Tanzania ilianza kuunganishwa na nyaya za mawasiliano zinazopita chini ya bahari mwaka 2009, na katika kipindi hicho hicho Serikali ilianza kuujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Mwaka 2019 Bunge lilitunga Sheria ya Serikali Mtandao, iliyoanzisha Mamlaka ya Serikali Mtandao (eGA). Mamlaka hiyo ina kituo cha utafiti na ubunifu jijini Dodoma ambako wanafunzi wa vyuo hupata nafasi ya kufanya kazi halisi za mifumo ya Serikali.

Upande wa elimu, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, ilizinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan jijini Dodoma tarehe 31 Januari 2025. Sera hiyo, pamoja na mitaala iliyoboreshwa ambayo utekelezaji wake ulianza Januari 2024, imeweka mkondo wa amali katika elimu ya sekondari ili mhitimu atoke na ujuzi wa kufanya kazi. Aidha, Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa Julai 2025, inaitaja teknolojia ya kidijitali miongoni mwa vichocheo vya uchumi tunaoutarajia.

Majirani nao hawakulala. Rwanda ilifungua mwaka 2019 shule maalumu ya uandishi wa programu katika Wilaya ya Nyabihu, na Kenya iliidhinisha mwaka 2022 mtaala wa somo hilo kwa shule za msingi na sekondari.

Mtu atagundua, hata hivyo, kuwa mipango mingi ya aina hii inamlenga mtoto na kijana aliye shuleni. Mtu wa miaka 32 mwenye familia, mkopo wa benki na mshahara unaokwisha kabla ya tarehe 20 hayumo darasani wala hatarudi huko kwa urahisi. Huyu ndiye anayejifundisha usiku, baada ya watoto kulala, na ndiye anayehitaji taarifa sahihi zaidi kwa kuwa kosa lake lina gharama kubwa.

Kinachojifunzwa, na muda unaohitajika

Uandishi wa programu ni kazi ya kuieleza kompyuta, hatua kwa hatua na bila utata, namna ya kutatua tatizo. Lugha zinazotumika ni nyingi. Python, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, hupendwa na wanaoanza kwa sababu maandishi yake husomeka kwa urahisi. JavaScript, iliyozaliwa mwaka 1995, ndiyo inayoendesha sehemu kubwa ya kurasa za mtandao. SQL hutumika kuuliza na kupanga taarifa zilizomo katika kanzidata, na haikwepeki kwa yeyote anayetaka kujenga mifumo ya ofisi.

Mafunzo ya lugha hizi yanapatikana bila ada. Chuo Kikuu cha Harvard cha Marekani kimeweka wazi mtandaoni somo lake la utangulizi wa sayansi ya kompyuta, CS50, linalomtoa mwanafunzi katika hatua ya kutojua chochote, likampitisha katika Scratch, kisha C, Python na SQL. Jukwaa la freeCodeCamp, lililoanzishwa mwaka 2014, hutoa mazoezi na vyeti bila malipo. Kwa miaka mingi limekuwa likikadiria kuwa kila cheti kinahitaji takribani saa 300 za kazi.

Makadirio hayo ni kipimo kizuri kwa mtu anayefanya kazi nyingine mchana. Akitenga saa 2 kwa siku, kwa siku 6 za wiki, atapata saa 12 kwa wiki. Katika wiki 50 za mwaka, hizo ni saa 600, yaani vyeti viwili vya aina hiyo. Kwa hesabu hiyo, matangazo yanayoahidi kumfanya mtu mhandisi wa programu kwa miezi mitatu, huku akiendelea na kazi yake ya kawaida, yanapaswa kusomwa kwa tahadhari. Kwa mtu wa kundi hili, mwaka mmoja na nusu hadi miaka miwili ya bidii isiyokatika ni matarajio ya kweli zaidi.

Saa hizo zina masharti. Masomo ya kwanza yanaweza kufuatwa kwa simu janja, lakini kazi ya kujenga programu kamili huhitaji kompyuta mpakato, umeme wa uhakika na kifurushi cha intaneti. Video hula data nyingi, na mtu asiyepanga matumizi atajikuta analipia elimu inayoitwa ya bure. Wenye uzoefu hupakua maandishi na vitabu vya maelekezo mara moja, wakavisoma bila mtandao, na kutumia intaneti ya ofisi za umma, maktaba au vituo vya ubunifu pale inaporuhusiwa. Buni Hub, iliyopo katika Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) Kijitonyama, Dar es Salaam, ni mfano wa mahali ambapo wabunifu wamekuwa wakikutana, kujifunza na kulelewa.

Lugha ni kikwazo kinachosemwa kwa nadra

Mtanzania aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akaingia sekondari na kukutana na Kiingereza, anaijua shida ya kujifunza jambo jipya kwa lugha isiyo ya nyumbani. Katika uandishi wa programu shida hiyo hurudi. Maneno ya msingi ya lugha ya Python ni 35 tu, na mtu anaweza kuyakariri kwa siku chache hata kama Kiingereza chake ni hafifu. Ugumu upo kwingine: katika maelezo ya matumizi, katika ujumbe wa hitilafu unaotokea programu inapokwama, na katika majibizano ya wataalamu anayoyatafuta ili ajikwamue.

Kwa hiyo, anayejifundisha hujifunza mambo mawili kwa pamoja, na ni vema alijue hilo mapema ili asije akadhani akili yake ni nzito. Anayekwama kwenye ujumbe wa hitilafu kwa sababu ya neno moja asilolijua hana upungufu wa akili ya hisabati. Vikundi vya kujifunza kwa Kiswahili, ambamo watu watano au sita hukutana kila wiki na kuelezana kwa lugha yao jambo walilolisoma kwa Kiingereza, ni dawa isiyo na gharama. Istilahi nyingi tayari tunazo, zikiwamo hifadhidata, kanzidata, msimbo, hitilafu na akili unde, na kazi iliyobaki ni kuzitumia hadi zizoeleke.

Taaluma ya awali ni mtaji

Wengi wanaobadili taaluma hufikiri kwamba wanaanzia sifuri. Fikra hiyo huwafanya washindane na kijana wa miaka 22 aliyetoka chuoni katika uwanja ambao kijana huyo amewatangulia, nao wakaacha uwanja ambao wao ndio wenyeji.

Tuchukue mhasibu wa halmashauri. Anajua namna hati ya malipo inavyopita mezani hadi mezani, anajua mkaguzi atauliza nini mwisho wa mwaka, na anajua ni wapi takwimu hukosewa. Mwandishi wa programu asiyejua mambo hayo atajenga mfumo mzuri wa kutazama ambao hautatumika. Muuguzi anajua foleni ya kliniki ya wajawazito inavyokwenda. Mwalimu anajua kwa nini mtoto hashiki sehemu za desimali. Afisa ugavi anajua tofauti ya bohari iliyoandikwa na bohari iliyopo. Maarifa haya hayafundishwi katika CS50 wala katika jukwaa lolote.

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza iliyo salama ni kujenga kitu kidogo cha kazi anayoifanya mtu sasa. Mhasibu aanze kwa programu fupi inayolinganisha taarifa ya benki na daftari la fedha na kuonesha tofauti. Mwalimu aanze kwa programu ya kupanga matokeo ya darasa na kuonesha maswali yaliyokosewa na wengi. Kazi ndogo inayotumika kweli humfundisha mtu zaidi ya mazoezi kumi ya kunakili, na hatimaye huwa ndiyo ushahidi wa uwezo wake mbele ya mwajiri.

Lipo angalizo la kisheria hapa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inalinda taarifa za wagonjwa, wanafunzi, wateja na watumishi. Anayejifunza asichukue orodha halisi ya wagonjwa wa zahanati au mishahara ya wenzake na kuipakia mtandaoni kwa ajili ya mazoezi. Atumie majina na tarakimu za kubuni. Vivyo hivyo, anayevutiwa na usalama wa mitandao asijaribu kuingia katika mfumo wa taasisi yoyote bila idhini ya maandishi, kwani Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inalihesabu tendo hilo kuwa kosa, hata kama nia yake ilikuwa kujifunza.

Soko limebadilika

Mwananchi anayeamua leo kwa kusikia habari za mafanikio ya mwaka 2015 au 2018 anasoma ramani ya zamani. Mfano ulio karibu nasi ni wa kampuni ya Andela, iliyoanzishwa Lagos, Nigeria, mwaka 2014. Kampuni hiyo ilikuwa ikichagua vijana wenye uwezo, ikawafundisha huku ikiwalipa, kisha ikawaunganisha na kampuni za nje zilizohitaji wahandisi. Ilipanuka hadi Kenya, Uganda na Rwanda, na vijana wengi wa Afrika Mashariki waliitazama kama njia ya uhakika. Septemba 2019 ilitangaza kuwaachisha kazi mamia ya wahandisi wachanga katika Nigeria, Uganda na Kenya, kwa maelezo kuwa wateja wake walihitaji zaidi watu wenye uzoefu.

Mwelekeo huo haukuishia hapo. Mwaka 2022 na 2023 kampuni kubwa za teknolojia za Marekani zilipunguza wafanyakazi kwa maelfu. Katika kipindi hicho hicho, kuanzia Novemba 2022, programu za akili unde zinazoweza kuandika msimbo zilianza kutumiwa na watu wengi duniani. Kazi ndogondogo ambazo zamani alikabidhiwa mwandishi mchanga ili ajifunzie, mfano kuandika ukurasa wa fomu au kusahihisha kasoro nyepesi, sasa hufanywa kwa dakika chache kwa msaada wa programu hizo.

Je, hii ina maana kwamba hakuna tena haja ya kujifunza? La hasha. Programu za akili unde hukosea, na hukosea kwa lugha ya kujiamini. Mfumo wa malipo, wa hospitali au wa mahakama unahitaji mtu anayeweza kuusoma msimbo, kuupima, kuona palipofichika kosa na kuwajibika nalo. Kilichobadilika ni kiwango cha kuingilia. Anayejua kunakili tu amepoteza nafasi yake, na anayeelewa misingi, yaani namna data inavyopangwa, namna programu mbili zinavyowasiliana, namna ya kupima kazi na kuilinda, bado anatafutwa. Anayejifunza atumie akili unde kama mwalimu wa kumuuliza maswali. Akiifanya imwandikie kazi yote, siku ya usaili itamwumbua.

Mlango wa utumishi wa umma

Hapa ndipo penye fundo. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kwa nafasi za maofisa TEHAMA humtaka mwombaji awe na shahada ya sayansi ya kompyuta, uhandisi wa kompyuta au fani inayofanana na hizo. Vilevile, mtumishi wa umma anayetaka kubadilishiwa kada hupimwa kwa sifa zilizotajwa katika Muundo wa Maendeleo ya Utumishi wa kada anayoiomba. Mwalimu wa shule ya msingi aliyejifundisha kwa miaka miwili, akajenga mfumo unaotumiwa na shule kumi za kata yake, hawezi kubadilishiwa kada kwa ushahidi wa mfumo huo peke yake.

Utaratibu huo una sababu zake. Utumishi wa umma unaajiri maelfu ya watu kwa fedha za walipa kodi, na cheti ni kipimo kilicho sawa kwa wote, kinachohakikiwa kwa urahisi na kinachopunguza upendeleo. Mtu angeweza kuja na kazi aliyoandikiwa na mwingine akadai ni yake. Hoja hizo ni nzito na hazistahili kubezwa.

Pamoja na hayo, nchi yetu imekwisha kulitatua tatizo la aina hii katika fani nyingine. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), kwa kushirikiana na Ofisi ya Waziri Mkuu, imekuwa ikiendesha utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi uashi, seremala, fundi magari au mpishi aliyejifunzia kazini hupimwa kwa vitendo, hupewa mafunzo ya kuziba mapengo, kisha hutunukiwa cheti. Fundi aliyejenga nyumba kwa miaka 15 bila kukanyaga chuo anatambuliwa kwa ukuta anaousimamisha mbele ya mpimaji.

Msingi wa utaratibu huo ni kwamba ujuzi ni ujuzi, popote ulipopatikana, ilimradi uthibitike. Uandishi wa programu unafaa kupimwa kwa namna hiyo hiyo, tena pengine kwa urahisi zaidi, kwa kuwa mpimaji anaweza kumpa mtahiniwa tatizo asilolijua, akamweka katika chumba kwa saa nne na kuitazama kazi aliyoifanya. Tume ya TEHAMA, yenye jukumu la kuwasajili na kuwaendeleza wataalamu wa sekta hiyo, pamoja na VETA, zina nafasi ya kuliongoza jambo hili. Kigezo cha kupima kikiwa kimoja nchi nzima, hoja ya upendeleo na udanganyifu itakuwa imejibiwa.

Wakati hilo likisubiriwa, zipo njia mbili zilizo wazi sasa. Ya kwanza ni utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) wa kutambua maarifa yaliyopatikana kabla, unaomwezesha mtu mzima asiye na sifa za kawaida za kujiunga na chuo kikuu kufanya mtihani maalumu na, akifaulu, kuomba nafasi ya masomo. Ya pili ni masomo ya jioni au ya masafa, ambayo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, kimeyafanya kwa miongo kadhaa. Aliyekwisha kujifundisha mwenyewe ataingia huko akiwa na nguvu, na cheti kitakuja kuthibitisha anachokijua tayari.

Kujiajiri na zabuni

Si lazima kila aliyebadili taaluma aajiriwe. Maduka ya jumla, vyama vya ushirika, shule binafsi, zahanati na wasafirishaji wanahitaji mifumo midogo ambayo kampuni kubwa haziishughulikii. Anayetaka njia hii asajili jina la biashara au kampuni kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) kupitia mtandao, na apate namba ya mlipakodi kutoka Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Programu aliyoiandika ni mali yake inayolindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ila akiiandika kwa mkataba wa mteja, mkataba huo useme bayana nani atamiliki msimbo na nani atahudumia mfumo baada ya kukabidhiwa.

Aidha, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inazitaka taasisi nunuzi kutenga asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi kwa ajili ya makundi maalumu ya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana watano waliojifundisha kuandika programu, wakajisajili ipasavyo na kujiandikisha katika NeST, kinaweza kushindana kwa kazi ambazo mtu mmoja mmoja asingezifikia. Katika njia hii kinachoangaliwa ni usajili, uwezo wa kutekeleza mkataba na bei.

Kabla ya kuacha kazi

Wapo wanaoandika barua ya kuacha kazi baada ya wiki sita za masomo, wakiwa na msisimko wa kuona programu yao ya kwanza inafanya kazi. Hesabu rahisi ingewazuia. Mtu ambaye familia yake hutumia shilingi 600,000 kwa mwezi anahitaji shilingi 5,400,000 ili kuishi miezi tisa bila mshahara, na miezi tisa ya kutafuta kazi ya kwanza katika soko la sasa si mingi. Asiye na akiba hiyo abaki kazini na ajifunze taratibu.

Ishara za kuwa tayari zinajulikana. Mtu aweze kuanza kazi mpya bila kufuata video ya mtu mwingine. Awe na kazi mbili au tatu alizozijenga mwenyewe, walau moja ikitumiwa na watu wasio ndugu zake. Awe ameshafanya kazi na mtu mwingine katika msimbo mmoja, kwa kuwa uhandisi wa programu ni kazi ya pamoja. Na awe amelipwa na mteja, hata kiasi kidogo, kwa kazi aliyoifanya usiku au mwisho wa wiki.

Kuhusu vyuo na madarasa yanayotoza ada, mwananchi ahakikishe kwanza usajili wake kwa Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET). Asilipe fedha kwa akaunti ya mtu binafsi. Asisaini mkataba unaochukua sehemu ya mishahara yake ya baadaye bila kuusoma wote. Ahadi ya ajira ya uhakika baada ya mafunzo iandikwe katika mkataba. Mwenye chuo akikataa kuiandika, mwombaji atakuwa amepata jibu.

Kinachobaki kufanywa

Serikali imejenga nyaya, sheria, mifumo na sera. Wananchi nao, kwa gharama zao na kwa usingizi wao, wanajifundisha. Kiungo kinachohitajika sasa ni kipimo rasmi cha ujuzi wa uandishi wa programu kwa watu wazima waliojifunza nje ya darasa, kitakachotambuliwa na waajiri binafsi na, hatua kwa hatua, na miundo ya maendeleo ya utumishi wa umma. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na ile ya kumrudisha mtu chuoni kwa miaka mitatu au minne ili afundishwe anachokijua tayari.

Hadi hapo kitakapopatikana, mwananchi anayejifundisha ashike mambo mawili: asiache mshahara kabla ya kupata mteja, na aanze na tatizo analolijua la kazi yake ya sasa. Mwalimu aliyejenga mfumo kwa ajili ya shule kumi za kata yake bado hajabadilishiwa kada, lakini shule hizo kumi zinatoa matokeo kwa wakati, na siku kipimo hicho kitakapowekwa atakuwa na kazi ya kuonesha mbele ya mpimaji.